Ubao wa Hatujui

Kila Jumatatu asubuhi, kabla rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mparachichi kama kengele haijagongwa, walimu wa shule moja ya msingi kule Nyamyumba hupanga foleni mbele ya ukuta, chaki mkononi, na kila mmoja huandika kitu kimoja asichokijua.

Ukuta huo ni wa ofisi ya mwalimu mkuu, upande unaotazama ziwa. Umepakwa rangi nyeusi kuanzia usawa wa goti la mtoto wa darasa la kwanza hadi pale mkono wa mtu mzima unapofika, na juu kabisa limeandikwa kwa rangi nyeupe neno moja la Kinyarwanda, NTITUBIZI. Hatujui. Kwa kuwa walimu wa pale hupenda kuongea Kiswahili wakiwa wao kwa wao, wote huuita ubao wa Hatujui, na akina mama wanaopita na mabeseni yao kwenda mjini huulizana njiani, "Leo hawajui nini?"

Masharti yake ni machache. Aliyeandika swali awe kweli halijui. Mtu yeyote anaweza kuleta jibu, awe mtoto, mzazi, mpishi wa uji au mwendesha pikipiki. Lakini jibu haliandikwi mpaka aliyelileta awe amelijaribu, au amelishuhudia kwa macho yake, au amekuja na ushahidi. Likishaandikwa, jina la aliyelileta huandikwa pembeni na kukaa hapo juma zima, mvua ikipenda.

Aliyeuanzisha ni Iribagiza, mwalimu mkuu. Kaimu mwalimu mkuu, tuseme, maana huu ni mwaka wa tatu anaukalia ukaimu huo kama mtu aliyekalishwa ukingoni mwa kiti. Ni mwanamke wa miaka hamsini, mfupi, mwenye sauti ndogo inayowafanya watoto wanyamaze ili waisikie. Mfuko wa sweta yake haukosi vipande vya chaki. Jumamosi jioni huukung'uta kwa ajili ya kanisa, na Jumapili padri humwona bado ana vidole vyeupe.

Jumatatu moja ya mwezi wa Mei, Iribagiza alisimama kwenye foleni hiyo akijua kwamba kesho yake wangefika wakaguzi wawili wa elimu. Ripoti yao ndiyo ingeamua: ama athibitishwe, ama aletwe mwalimu mkuu mwingine, naye atafutiwe darasa katika shule nyingine. Kurudi darasani asingeona vibaya. Alichokihofia ni ukuta. Alijua vizuri angefanya nini mwalimu mkuu mgeni, siku yake ya kwanza, akikuta ofisi yake imeandikwa Hatujui karibu na mlango.

Naibu wake, Bahizi, alikuwa ameshapata nakala ya fomu ya ukaguzi na hakulala vizuri tangu aipate. Bahizi alilelewa Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kimepigwa pasi.

"Dada Mkuu," alimwita, akiitikisa ile karatasi, "sikiliza mstari wa nne. 'Umahiri wa walimu katika masomo wanayoyafundisha.' Alama ishirini. Ishirini! Na sisi tumejitangazia ukutani kwamba hatujui."

"Si ni kweli hatujui?"

"Ni kweli. Lakini mgeni akija nyumbani kwako, unamwonyesha kwanza sebule au unamwonyesha choo?"

Iribagiza alicheka mpaka chaki ikamdondoka. Yeye alizaliwa Goma, ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake hakijawahi kuona pasi. "Akiomba choo nitamuonyesha. Donc, iache vile iko, Bahizi. Usiguse."

"Tuufunike tu kwa siku moja. Kwa ile ramani kubwa ya Rwanda."

"Ile ramani iko na tundu pale Gisenyi. Watoto wamegusa kwao mpaka karatasi imekwisha. Mukaguzi atachungulia tu mule ndani."

Bahizi akashusha pumzi, akaenda kuandika swali lake: nani alipanda mikaratusi iliyo juu ya barabara? Mwalimu Béata wa darasa la pili alikuwa tayari ameuliza kwa nini jogoo wake huwika hata saa sita mchana. Iribagiza akaandika la kwake chini yao: yai linaiva kwa dakika ngapi katika maji ya moto ya Nyamyumba?

Maji hayo yako ufukweni, mwendo wa dakika ishirini chini ya shule, yanabubujika yakifuka mvuke kandokando ya ziwa lililo baridi. Watu huenda kuloweka migongo yao, na wengine huenda na mayai na viazi. Ukiwauliza yai linachukua muda gani, kila mtu ana dakika zake na yuko tayari kugombana kwa ajili yazo.

*

Iribagiza hakuzaliwa akiwa hodari wa kusema sijui. Shuleni kwao Goma kulikuwa na mwalimu aliyempigisha magoti kwenye changarawe nyeusi za volkeno mtoto yeyote aliyejibu kwamba hajui. Changarawe zile zina meno. Basi akajifunza kujibu haraka na kwa sauti, chochote kile, kwa sababu jibu la uongo liliweza kupita na kimya hakikupita.

Mwaka 1995, akiwa na miaka ishirini na mmoja, alivuka mpaka na wazazi wake kwa miguu pale Petite Barrière kuja katika nchi ambayo hadi siku hiyo aliijua kwa kusimuliwa. Alikuwa na godoro kichwani, na cheti chake cha sekondari amekiingiza ndani ya blauzi kama mtoto mchanga. Mwaka uliofuata akapewa darasa. Lilikuwa na watoto sabini na wawili, na madawati yao yalikuwa mawe ya volkeno, meusi, mepesi kuliko yanavyoonekana. Kila mtoto alikuwa na jiwe lake na alilijua. Iribagiza alilipenda darasa lile tangu saa ya kwanza. Aliimba nalo, akacheza nalo, na kila swali aliloulizwa alilijibu.

Kila swali. Hapo ndipo lilipokuwa tatizo.

Katika somo la ziwa, kwa mfano, aliwafundisha watoto kwamba sambaza, wale samaki wadogo wanaong'aa kama vipande vya kioo, wamekuwemo Kivu tangu Mungu alipolimimina ziwa hilo. Hakuna aliyemwambia hivyo. Mtoto aliuliza, naye akajibu, na jibu lilikuwa zuri. Alilifundisha miaka saba. Kisha siku moja, katika soko la Mahoko, muuza sambaza mmoja aitwaye Mukarugwiza akaacha kupima samaki na kumnyooshea kijiko cha mizani.

"Mwalimu! Ni we unafundisha Uwineza wangu?"

"Ni mi, mama."

"Bon. Unamudanganya."

Wanunuzi wakageuka. Soko zima, ilivyomwonekea, liligeuka.

"Sambaza haikuzaliwa hapa," Mukarugwiza alisema. "Iliingia na mapipa, wakati wa Wabelgiji. Waliitoa Tanganyika. Baba yangu alikuwa pale kwenye maji, aliona na macho yake. Iko mugeni, kama we ulitoka Goma." Kisha akamtazama yule mwalimu kijana aliyekuwa ameinamisha kichwa, na uso wake ukalainika. "Na ona vile ilizaa. Leta kikapu, mwana."

Iribagiza alirudi nyumbani na nusu kilo ya sambaza ambao hakukusudia kuwanunua. Njia nzima alipiga hesabu: miaka saba, watoto sitini kila mwaka. Mia nne na ishirini walioamini. Asubuhi yake alisimama mbele ya darasa la nne na kuwaambia, "Nilisema kitu ambacho nilikuwa sikijui. Mama yake Uwineza anakijua."

Kisha Uwineza akanyoosha kidole.

"Madamu, na kile cha mwezi?"

"Kile cha mwezi nina uhakika nacho."

"Na kwamba paka huona rangi moja tu?"

Akafikiri. "Hicho sijui."

Akakiandika ubaoni. Kidole kingine kikanyooka, na kingine. Kufika saa ya kwenda nyumbani ubao ulikuwa umejaa vitu asivyovijua, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hakuna mtoto aliyechungulia dirishani. Jioni hiyo, na siku zilizofuata, walianza kuwasili: watoto waliowahoji babu zao, watoto waliomfungia paka chumbani pamoja na vitambaa vya rangi. Mmoja alileta chupa ya maji ya moto ameizungushia sweta, kutoka chemchemi hadi darasani, ili mwalimu aiguse mwenyewe.

Baadaye serikali ilipobadilisha lugha ya kufundishia kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, walimu wengi waliosomea Kifaransa walijifungia na kamusi wiki nzima. Iribagiza aliingia darasani akasema, "Hesabu naijua. Kiingereza sikijui, na ninyi hamkijui. Mwenye neno alilete." Watoto wawili ambao wazazi wao walirudi kutoka Uganda walileta maneno mengi, wakatembea mabega juu mwezi mzima, na mwisho wa mwaka darasa lake lilifaulu vizuri kuliko yale yaliyofundishwa kwa hofu.

Hivyo ndivyo alivyopanda, polepole, kutoka darasa hadi unaibu na kutoka unaibu hadi ukingoni mwa kile kiti. Mwalimu mpya anapowasili, hampi hotuba. Humpa chaki na kumpeleka ukutani. Akisitasita, humwambia, "Mutoto akiona mutu mukubwa anatafuta, naye atatafuta. Akiona mukubwa anajua kila kitu, atakaa tu, atangoja apewe. We andika."

*

Jumatatu ile mchana Iribagiza aliitwa kwenye mkutano mjini. Bahizi akabaki na shule, na ubao, na wasiwasi wake.

Bahizi ni mtu mwema, na wema ndio uliomponza. Alitembea mbele ya ukuta mara tatu. Alikuwa ameambiwa asiufute, na hakuufuta. Akatoa simu. Mpaka saa kumi na moja jioni alikuwa amejibu kila swali kwa mwandiko wake mzuri wa vitanzi, mengine kutoka kwenye simu, mengine kutoka kichwani. Na kwa kuwa ubao ulitaka jina pembeni ya jibu, akachagua majina ya watoto wenye bidii na kuyagawa kama pipi. Pembeni ya swali la yai aliandika: dakika kumi. Cyuzuzo, darasa la nne. Alikwenda nyumbani akipiga mluzi.

Usiku mvua ilinyesha, barabara ikawa tope, na Jumanne asubuhi pikipiki ya Iribagiza iliteleza mara mbili. Alipofika watoto walikuwa wamekwisha panga mistari uwanjani, na wakaguzi wawili walikuwa wamesimama mbele ya ukuta wake. Kwa mbali aliona ubao umekuwa mweupe kupita kawaida, akadhani ni ukungu wa mvua.

Mkaguzi mkubwa aliitwa Robinah. Alikuwa mwanamke mrefu aliyekulia Uganda, mwenye saa kubwa ya mkononi na Kinyarwanda kilichochanganyika na Kiingereza. Mwenzake, kijana aitwaye Igor, alikuwa ameikumbatia fomu kwenye ubao wa kuandikia, kalamu tayari.

"Mnasema hamjui," Robinah alisema bila kugeuka, "na kutoka Jumatatu hadi Jumanne mmejibu yote. Na ni watoto waliojibu. Igor, umeona?"

"Nimeona. Mstari wa nne, alama ishirini?"

"Ngoja kwanza."

Bahizi, aliyekuwa ameshawaeleza masharti ya ubao, alisimama pembeni akitabasamu kama bwana harusi. Iribagiza aliusoma mwandiko wa vitanzi kuanzia juu mpaka chini, na magoti yake yakakumbuka changarawe.

"Cyuzuzo yuko wapi?" Robinah aliita.

Mtoto wa kike wa miaka kumi akatoka kwenye mstari wa darasa la nne. Ni mjukuu wa Mukarugwiza yule yule, binti wa Uwineza, na macho ya bibi yake ameyarithi bila kupunguza. Aliliona jina lake ukutani na uso wake ukawaka. Mwaka huo alikuwa amejaribu mara tatu kulifikisha pale, na mara tatu jibu lake halikukamilika.

"Ni wewe uliyegundua kwamba yai huiva kwa dakika kumi?"

Cyuzuzo alilitazama tena lile jina. Alilitazama kwa muda, kama mtu anayeaga.

"Jina ni langu," alisema. "Jibu si langu."

Kicheko kikapita kwenye mistari, kikamezwa haraka.

"Na dakika kumi si kweli," aliongeza kwa upole. "Jumapili bibi alitumbukiza yai. Tuliimba nyimbo zote za kwaya, kila moja mara mbili, na yai likatoka bado linatetemeka."

Tabasamu la Bahizi likamganda usoni. Igor alimtazama mkaguzi mwenzake, kisha mwalimu mkuu, kalamu ikiwa juu ya mstari wa nne. Njia ilikuwepo, na Iribagiza aliiona: aseme mtoto amesahau, watoto husahau. Ni maneno mawili tu. Alama ishirini, na uthibitisho, na ukuta wake kubaki. Akamtazama Cyuzuzo, aliyekuwa amesimama wima kwenye matope kwa magoti yake mazima yasiyo na kovu, akingoja kuona mtu mzima atafanya nini.

Akachukua dasta.

Alifuta majibu, moja baada ya jingine, akiyaacha maswali mahali pake. Vumbi la chaki lilitua kwenye viatu vya Igor. Alipolifikia jina la Cyuzuzo alilifuta pia, taratibu.

"Haya hatuyajui bado," alisema. "Yaliandikwa jana na mtu anayenipenda kuliko inavyofaa. Msituwekee alama kwa majibu hayo."

"Ni mimi, Mheshimiwa," Bahizi alisema, akijitokeza. Masikio yake yalikuwa yamewaka. "Ni mimi mwenyewe, kwa simu yangu na kwa bando langu. Dada Mkuu alikuwa mjini."

Robinah alimtazama Bahizi, akamtazama Iribagiza, akautazama ubao uliobaki na maswali matupu. Alikuwa amekagua shule nyingi, na katika shule zote hizo hakuna mtu aliyewahi kumfutia majibu mbele ya macho yake.

"Sasa hilo yai," alisema mwishowe, "ni dakika ngapi?"

"Hatujuiii!" wakajibu watoto mia tano kwa pamoja, kwa furaha, kama wanavyomsalimia mgeni.

Mdomo wa Robinah ulicheza. Alijitahidi kuuzuia, haukuzuilika. Na hapo hapo, kabla hajasema neno, ugomvi ukalipuka langoni, ambako mlinzi alikuwa ameagizwa asimruhusu mtu yeyote kuingia siku ya wakaguzi.

"Mi niko na jibu!" sauti ilisikika. "Jibu la miti! Unanisimamisha hapa kwa nini, we mutoto? Sambaza yangu itaoza!"

"Bibi, kuna wageni."

"Wageni nao hawajui! Fungua!"

Iribagiza alimpungia mlinzi mkono, na Mukarugwiza akaingia, beseni kichwani, akipumua kwa hasira. Aliwasalimu wakaguzi haraka haraka, akateremsha beseni, akaingiza mkono katikati ya samaki na kutoa jembe kuukuu, limeliwa na kutu hadi kubaki kama jani.

"Mikaratusi ya barabara alipanda baba mukwe wangu na wenzake, mwaka ule mulima uliporomoka. Jembe lake ni hili. Mumesema ushahidi, nimeleta ushahidi. Andika jina langu niende, jua linapanda."

"Andika mwenyewe, mama," Iribagiza alisema, akimpa chaki.

"Mi? Na mikono ya samaki?" Lakini alikuwa ameshaipokea chaki, na akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, huku mjukuu wake akimtazama.

Robinah aliifunua saa yake kutoka chini ya mkono wa blauzi. "Igor," alisema, "pale barabarani niliona kibanda. Kanunue mayai."

"Mayai?" Igor aliipitia fomu yake juu hadi chini. "Hapa hakuna mahali pa mayai."

"Mayai manane. Na haraka."

*

Darasa la nne liliteremka mlima likiwa na watoto hamsini na wawili, walimu wawili, wakaguzi wawili na muuza samaki mmoja aliyesema kwamba sambaza wanaweza kungoja, maana jambo hili limekuwa la ukoo. Jua lilikuwa limetoka. Migomba ilidondosha mvua ya usiku juu ya vichwa vyao, na chini kabisa ziwa lilikuwa limelala, rangi ya shingo ya njiwa.

Wazee wawili waliokuwa wakiloweka miguu walisogea kuwapisha. Mukarugwiza alikata kipande cha wavu, wakafunga mayai saba humo na kuyatumbukiza pale maji yanapobubujika. La nane Cyuzuzo aliomba liwekwe hatua mbili pembeni, kuelekea ziwani, kwa sababu bibi yake Jumapili alikaa huko.

"Saa inaanza!" Robinah alitangaza, na watoto wakaanza kuhesabu sekunde kwa sauti, wakapotea mia na kitu, wakaanza upya.

Dakika ya kumi yai la kwanza lilipasuliwa. Lilikuwa uji. Kesi ya Bahizi ilisikilizwa papo hapo, na darasa la nne kwa kauli moja likamhukumu kulinywa yai lake.

"Karagwe tuliyanywa hivi hivi, yana nguvu," alisema, akafumba macho na kulimeza, na vifijo vikawafikia wavuvi waliokuwa wakishona nyavu upande wa pili wa ghuba.

La dakika ya kumi na tano lilitetemeka. La ishirini lilikuwa na ute mweupe na kiini kinachotiririka. Kufikia hapo mkaguzi mkubwa alikuwa ameshavua viatu na kukaa kwenye jiwe, sketi magotini, miguu majini, na alikuwa akigombana na mmoja wa wale wazee kuhusu yai la dakika ishirini na tano. La thelathini liliiva. Lilikuwa yai la kweli, kavu katikati, na walilikata, pamoja na mawili yaliyobaki wavuni, vipande vidogo kama dawa ili wengi waonje. Ndipo Cyuzuzo akalitoa lile la nane, lililokaa dakika thelathini hizo hizo hatua mbili tu pembeni, na kulipasua. Lilitetemeka kama lile la Jumapili.

Robinah aliinama kulitazama.

"Kwa nini?" aliuliza.

Cyuzuzo aliinua mabega, aking'aa. "Hatujui."

Iribagiza alikuwa ameketi nyuma kidogo, maganda ya yai mapajani. Alikuwa amesahau kabisa fomu, mpaka alipomsikia Igor akiuliza kwa sauti ya chini, "Mstari wa nne. Niandike ngapi?"

Robinah alifuta miguu yake kwa leso bila haraka. "Kumi na tatu."

"Kumi na tatu," Iribagiza alirudia. "Na zile saba, dada, zimeenda wapi?"

"Nimefungua madaftari ya darasa la tano asubuhi. Wiki tatu hayajasahihishwa. Hilo nalo mlikuwa hamlijui?"

Iribagiza akaziba uso kwa kiganja, akicheka kwa aibu. "Hilo tulilijua," alisema.

*

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Bahizi ndiye aliyeifungua, kwa sababu mikono ya Iribagiza ilikuwa na chaki, au ndivyo alivyodai.

"'Bi Iribagiza amethibitishwa kuwa mwalimu mkuu,'" alisoma, na sauti ikampanda, "'kuanzia tarehe moja. Hata hivyo...'" Akakaa kwenye kiti.

"Soma."

"'Hata hivyo, inaagizwa kwamba ubao uliopo kwenye ukuta wa ofisi uondolewe.'"

Nje watoto walikuwa wakiruka kamba. Iribagiza aliihesabu miruko yao: kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Kiti walikuwa wamempa chote, mpaka mwegemeo wake, na ukuta wameuchukua. Hakujua kama angekikalia.

"Geuza," alisema. "Iko na ukurasa wa pili."

Bahizi akageuza. Alisoma kimya kwanza, midomo ikitembea, kisha akaanza kucheka, akashindwa, akampa asome mwenyewe. Ubao uondolewe kwenye ukuta wa ofisi na kupakwa upya kwenye ukuta wa lango, upande wa nje, barabarani, mkubwa mara mbili, ili mzazi mwenye jibu asizuiwe tena na mlinzi. Chini, kwa mkono, Robinah alikuwa ameongeza: na lile yai la nane?

Waliupaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, wazazi na walimu pamoja. Cyuzuzo ndiye aliyeandika jibu la kwanza, dakika thelathini, pale maji yanapobubujika, na majina mawili: lake mwenyewe, na la Robinah aliyeleta saa.

Jumatatu iliyofuata kulikuwa na manyunyu. Foleni ya walimu ilipangwa barabarani mbele ya watu wote, na watoto wakazunguka kusoma, na akina mama wenye mabeseni wakasimama. Ilipofika zamu yake, mwalimu mkuu alifikiri kidogo, kisha akaandika: mwalimu mkuu aliyethibitishwa hufanya nini ambacho kaimu hakufanya?

Mukarugwiza, aliyekuwa akipita, alimtaka mjukuu wake amsomee kwa sauti. Akasikiliza, akatazama juu mawinguni, akalitazama lango lililokuwa bado limefungwa kwa sababu mlinzi naye alikuwa anasoma.

"Anafungua mulango, mwana," alisema. "Watoto wanalowa."

Iribagiza akalijaribu jibu hilo papo hapo.